Unahofia mzazi mwenzako atamtorosha mtoto: njia nne zikilinganishwa

Mtoto akitoweka, mawazo ya wengi humkimbilia mtu baki. Waliotunga Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 1990 waliliona na jambo jingine: ibara ya 29 inazitaka nchi zizuie mtoto kutekwa na mtu yeyote, na hapohapo inawataja wazazi na walezi wake. Mzazi anaweza kumtorosha mwanawe mwenyewe. Anaweza kumpandisha ndege siku ya zamu yake ya kukaa naye. Anaweza pia kumpeleka likizo kwa idhini yako kabisa, kisha tarehe ya kurudi ikapita kimya.

Makala haya ni ya mzazi aliyekwama katikati. Mmeshatengana au mnaelekea huko, malezi mnagawana, na kila mwenzako anapomchukua mtoto moyo wako hautulii mpaka amrudishe. Ni pia ya mzazi wa upande wa pili, anayetaka kusafiri na mtoto au kuhama naye na hataki siku moja aitwe mtoroshaji. Mbele yenu kuna njia nne: makubaliano ya malezi kupitia usuluhishi, amri ya mahakama ya kuzuia safari, ziara chini ya uangalizi, na ruhusa ya kusafiri au kuhama kwa masharti. Hakuna iliyo bora kwa kila familia. Ninachoamini, na nakisema mapema, ni kwamba watu wengi huchagua kwa kufuata ukubwa wa hasira badala ya ukubwa wa hatari. Zuio kali likiwekwa pasipo na hatari, mtoto hupoteza mzazi mmoja kwa sababu ya hofu ya mwingine. Karatasi laini ikiwekwa penye hatari, mtoto anaweza asionekane kwa miaka.

## Kabla ya kuchagua, pima mambo matatu

Hatari yenyewe. Maneno ya ugomvi kama "huyu mtoto utamsikia tu" yaandike pamoja na tarehe yake, lakini usiyaache yaamue peke yake. Angalia matendo. Je, ameacha kazi ghafla, ameuza vitu vya nyumbani, amefunga akaunti ya benki, ametoka kwenye nyumba ya kupanga bila kutafuta nyingine? Je, ameomba nakala za cheti cha kuzaliwa, rekodi za shule na kadi ya kliniki bila sababu inayoeleweka? Ameomba pasipoti ya mtoto bila kukwambia? Aliwahi kumficha mtoto, hata kwa siku mbili tatu, na kukataa kusema yuko wapi? Kuna ndugu nchi nyingine walio tayari kumpokea na kumficha? Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Kuwa na mama mzazi ng'ambo si kosa, na asili ya mtu si ushahidi dhidi yake. Mahakimu hulijua hilo, na mzazi anayejenga kesi yake juu ya uraia wa mwenzake hujiharibia mwenyewe. Dalili tatu au nne zikija pamoja ndani ya muda mfupi, hapo usisubiri.

Angeenda wapi. Jibu la swali hili hubadilisha kila kitu kinachofuata. Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980 kuhusu utoroshaji wa watoto kuvuka mipaka unahusisha nchi zaidi ya 100. Unamhusu mtoto aliye chini ya miaka 16, na kazi yake ni moja: kumrudisha haraka katika nchi aliyokuwa akiishi kwa kawaida, ili mahakama za huko ndizo ziamue akae na nani. Hauamui mzazi bora. Watu wengi hulikosa hili, wakaingia kwenye shauri la Hague na picha za sherehe za kuzaliwa na barua za walimu, wakati jaji anauliza jambo jingine kabisa.

Zingatia vitu viwili hapa. Nchi kujiunga tu hakutoshi, maana nchi inayojiunga baadaye lazima ikubaliwe na zile zilizotangulia, na bila kukubaliana huko mkataba haufanyi kazi kati ya hizo mbili. Kwa hiyo tazama nchi yako na ile unayoihofia kwa pamoja. Pili, zipo nchi kubwa zisizo ndani, India ikiwa mojawapo, na nyingine zilichelewa sana. Japani iliingia mwaka 2014. Mtoto akipelekwa nchi isiyo ndani, kwa kawaida unabaki kutafuta wakili hukohuko na kuanza kesi upya kwa sheria za hukohuko.

Hata ndani ya mkataba mambo si mepesi. Maandishi yake yanalenga uamuzi upatikane ndani ya wiki sita. Utafiti wa kimataifa wa maombi ya mwaka 2015 ulionyesha kuwa wastani wa kufikia mwisho ulikuwa siku 164, na kwamba chini ya nusu ya maombi ya kurudishiwa mtoto, asilimia 45, ndiyo yaliyoishia mtoto kurudi. Ndiyo maana nguvu nyingi katika makala haya naziweka kwenye kuzuia.

Usalama. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa asilimia 73 ya waliomchukua mtoto walikuwa akina mama, na wengi wao ndio waliokuwa wakimlea mtoto kila siku. Baadhi ya watu hao huwa wanakimbia kipigo. Kama ni wewe, usiziangalie njia hizi kana kwamba mko sawa mezani. Mkataba wa Hague, ibara ya 13, unairuhusu mahakama kukataa kumrudisha mtoto ikithibitika kuna hatari kubwa ya kuumizwa mwili au akili, lakini mzigo wa kuthibitisha hilo utaubeba wewe, ugenini, ukiwa tayari umeitwa mtoroshaji. Amri ya ulinzi, ripoti ya polisi na vyeti vya hospitali vilivyopatikana kabla ya kuondoka vina uzito kuliko maelezo ya baadaye.

## Vipimo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale: inazuia nini hasa, inachukua muda na fedha kiasi gani, ina nguvu gani mtoto akishavuka mpaka, mtoto anaishi nayo vipi, na inamfaa nani. Mizani hii haina uzito sawa kwa kila mtu. Mwenye tishio la wiki hii atajali kasi. Mwenye miaka kumi ya kulea pamoja na mwenzake mbele yake, atajali zaidi maisha ya mtoto.

## Makubaliano ya malezi kupitia usuluhishi

Inazuia nini. Makubaliano hayamsimamishi mtu uwanja wa ndege. Yanachofanya ni kuondoa sababu ya kukimbia. Wazazi wengi wanaotorosha huwa wamekata tamaa: wanaamini hakimu hatawasikiliza, au wameambiwa na ndugu kwamba mtoto watanyang'anywa. Mtu mwenye ratiba anayoiamini na anayejua atamwona mwanawe kila wiki hana haraka ya kuondoka.

Lakini makubaliano yanaishi au kufa kwa maneno yake. Soma sentensi hii, ambayo ni ya kawaida kwenye karatasi nyingi: *Likizo zitagawanywa kwa haki.* Haimwambii mtu yeyote kitu. Siku mwenzako akikaa na mtoto wiki tatu zaidi, atasema hiyo ndiyo haki aliyoielewa. Sasa soma hii: *Mtoto atakaa na baba kuanzia saa nne asubuhi ya siku inayofuata kufungwa kwa shule, na atarudishwa kwa mama kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya kumi na nne. Hatatolewa nje ya nchi bila idhini ya maandishi ya mzazi wa pili itakayotaja nchi, tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi.* Hapa saa ya kosa inajulikana. Kumzuia mtoto baada ya likizo ni utoroshaji sawa na kumwondoa kwa siri, na bila tarehe iliyoandikwa utahangaika kuthibitisha ni lini likizo ilikwisha na kuzuia kukaanza.

Ongezeni pia kifungu kinachotaja nchi ambayo ndiyo makazi ya kawaida ya mtoto. Mahakama haifungwi nacho, kwa kuwa huangalia maisha halisi ya mtoto, shule yake, marafiki zake na muda aliokaa, lakini ni ushahidi kwamba wote wawili mlikuwa na nia moja.

Muda na gharama. Ndiyo njia nafuu kuliko zote kama wote mnakuja mezani. Mmoja akija kwa kupoteza muda huku anapanga safari, ndiyo ghali kuliko zote.

Nje ya mpaka. Hapa pana tofauti kubwa kati ya karatasi iliyotiwa saini sebuleni na makubaliano yaliyopelekwa mahakamani yakawa amri. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Hague inatambua haki ya malezi inayotokana na sheria yenyewe, na uamuzi wa mahakama au wa mamlaka ya kiutawala, au na makubaliano yenye nguvu ya kisheria katika nchi ya mtoto. Makubaliano ya mdomo mbele ya wazee yana heshima yake katika familia, na nayaheshimu, ila askari wa mpakani hawezi kuyasoma. Yaandikeni, yasajilini.

Mtoto. Hana habari kwamba kuna kesi. Kwa kipimo hiki hakuna njia inayoikaribia.

Inamfaa nani. Wazazi wenye hofu bila dalili za matendo. Wazazi wanaoweza kuzungumza hata kwa kupitia mtu wa tatu. Haimfai aliyepigwa au aliyetishwa na mwenzake. Mtu unayemwogopa hamwezi kupatana. Atadai na wewe utakubali.

## Amri ya mahakama ya kuzuia safari

Inazuia nini. Mahakama inaweza kuamuru mtoto asitolewe nje ya nchi, au hata nje ya eneo fulani, bila idhini ya mzazi wa pili au kibali cha mahakama. Inaweza kuamuru pasipoti ya mtoto ikabidhiwe kwa msajili wa mahakama au kwa wakili, na mpya isiombwe. Hii ndiyo njia yenye meno, lakini meno hayo hayaumi mpaka amri ifike mikononi mwa mtu aliye mlangoni.

Wengi huishia kushangilia amri iliyobaki kwenye faili. Amri ina safari yake: nakala iliyothibitishwa iende idara ya uhamiaji, iende ofisi ya pasipoti, iende shuleni na kwa mlezi wa mchana, iende kituo cha polisi, na moja ukae nayo wewe. Ulizeni utaratibu wa nchi yenu, kwa kuwa unatofautiana mno. Marekani, kwa mfano, haina ukaguzi wa kawaida wa uhamiaji kwa anayetoka, kwa hiyo mkazo huwekwa kwenye pasipoti: mtoto wa chini ya miaka 16 huhitaji idhini ya wazazi wote wawili kupata pasipoti, na mzazi anaweza kumwandikisha mtoto kwenye mpango wa kupewa taarifa ombi likifika. Uingereza, polisi wakiridhika kuwa hatari ni ya kweli na iko karibu kutokea, wanaweza kupeleka jina la mtoto kwenye vituo vyote vya kutokea, na jina hilo hukaa kwa siku 28. Kati ya nchi nyingi za Ulaya zilizo kwenye eneo la Schengen hakuna ukaguzi wa kawaida mpakani. Huko amri ya kutotoka nchini inaweza kupitwa kwa gari mchana kweupe.

Tundu jingine ni uraia pacha. Mtoto mwenye haki ya uraia wa nchi ya pili anaweza kupewa pasipoti na ubalozi wa nchi hiyo, na ubalozi haufungwi na amri ya mahakama ya nchi uliyopo. Unachoweza kufanya ni kuwaandikia, kuambatisha amri, na kuwaomba wasitoe. Baadhi hukubali. Ombeni pia mahakama imwamuru mzazi mwenyewe asiombe pasipoti hiyo, kwa sababu yeye anafungwa na amri.

Muda na gharama. Kukiwa na dharura, maombi yanaweza kusikilizwa upande mmoja na amri ya muda ikatoka siku ileile, kisha mwenzako anaitwa kujibu. Kinachoamua ni hati ya kiapo. Andika tukio, tarehe, nani alikuwepo, ambatisha ujumbe wa simu ulivyo. Sentensi kama "ninahisi ataondoka" haitafika mbali. Gharama ni ya wakili na ya uhusiano: siku barua ya mahakama inapomfikia mwenzako, ninyi wawili hamtazungumza vizuri kwa muda.

Nje ya mpaka. Kuna faida ambayo wazazi wachache huijua. Mkataba wa Hague hutofautisha haki ya malezi na haki ya kumtembelea tu. Aliye na haki ya malezi anaweza kuomba mtoto arudishwe. Mwenye haki ya kutembelea peke yake anapata msaada wa kupangiwa ziara, na msaada huo ni dhaifu. Mwaka 2010, katika shauri la mtoto aliyetolewa Chile akapelekwa Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema haki ya mzazi kukataa mtoto asitolewe nchini ni haki ya malezi kwa maana ya mkataba, na ikaeleza kuwa mahakama za nchi nyingine kadhaa wanachama zilishakuwa na mtazamo huo. Kwa mzazi anayemwona mtoto wikendi tu, sentensi moja kwenye amri inayosema mtoto asitoke bila idhini yake inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kumrudisha na kumtembelea ng'ambo.

Mtoto. Anakosa safari. Harusi ya shangazi, bibi mgonjwa anayetaka kumwona mjukuu, ziara ya shule nje ya nchi: kila moja inahitaji idhini au hakimu. Ombeni amri iwe na tarehe ya kupitiwa upya.

Inamfaa nani. Aliye na matendo ya kuonyesha, hasa pale nchi inayohofiwa iko nje ya mkataba. Haimfai anayetaka kumkomoa mwenzake. Hakimu akishakuona unatumia zuio kama fimbo, maombi yako ya baadaye yatasomwa kwa jicho hilo.

## Ziara chini ya uangalizi

Inazuia nini. Inazuia kitendo chenyewe kwa saa zile mtoto yuko na mzazi anayehofiwa, kwa sababu mtu wa tatu hawaachi peke yao. Vituo vizuri huwapanga wazazi wafike kwa kupishana, mmoja akimleta mtoto na kuondoka kabla mwingine hajaingia. Msimamizi husikia mazungumzo, huzuia kumhoji mtoto kuhusu anapoishi sasa, na huandika alichokiona. Ripoti hiyo baadaye hubeba uzito mahakamani, kwa pande zote mbili. Mzazi aliyeshukiwa bure anaweza kujisafisha kwa ripoti kuliko kwa hoja za wakili.

Muda na gharama. Si kila mahali pana kituo. Penye uhaba, mahakama hukubali ndugu au afisa wa ustawi wa jamii. Ndugu ni nafuu, ila mchague kwa uangalifu: awe mtu anayeweza kusema "hapana, hamtoki nje ya geti" kwa mtu anayemheshimu. Shemeji mpole atalegea wiki ya tatu.

Nje ya mpaka. Haina nguvu yoyote yenyewe. Iambatane na zuio.

Mtoto. Hapa ndipo inapouma. Mtoto wa miaka mitano hucheza tu. Wa miaka kumi anatambua kwamba mzazi wake anachungwa, na anaanza kujiuliza kosa ni la nani. Njia hii isikae milele. Iwe na hatua: kwanza kituoni, kisha saa chache nje, kisha mchana mzima, kila hatua ikitegemea iliyotangulia kwenda vizuri.

Inamfaa nani. Mtoto aliyewahi kutoroshwa au kufichwa, au palipo na ukatili au ulevi uliothibitika pamoja na hatari ya kuondoka. Haifai kama jibu la kwanza kwa wazazi wanaokosana tu.

## Ruhusa ya kusafiri au kuhama kwa masharti

Inazuia nini. Njia hii inamwacha mtoto aende, lakini inahakikisha kutorudi kunauma. Masharti ya kawaida ni tiketi ya kwenda na kurudi iliyoonyeshwa mapema, anuani na namba za simu za kila mahali atakapolala, simu ya video kwa saa zilizopangwa, na pasipoti kukabidhiwa siku ya kurudi. Lililo zito zaidi ni dhamana: fedha au mali inayowekwa mahakamani au kwa wakili, na mtoto asiporudi hutolewa kwa mzazi aliyebaki akagharimie kesi. Dhamana iwe ya kiasi ambacho kuipoteza kutamuumiza aliyeiweka. Kwa mzazi asiye na kitu, ndugu anaweza kumsimamia, na hilo lina faida yake: ukoo mzima sasa una sababu ya kumtaka arudi.

Muda na gharama. Safari ya likizo inaweza kumalizwa kwa barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili. Kuhama ni kesi kamili. Mahakama itauliza kwa nini unahama, mtoto atasoma wapi, ataongea lugha gani, na mzazi anayebaki atamwona vipi. Mtoto mwenye umri wa kueleza maoni husikilizwa, kama ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inavyotaka.

Nje ya mpaka. Hii ndiyo njia pekee inayojenga nguvu upande wa pili kabla mtoto hajafika huko. Mnaomba mahakama ya nchi anayokwenda itoe amri pacha, yenye maneno yaleyale ya amri ya nyumbani, ili ikivunjwa usianze upya. Nchi mbili zikiwa zote kwenye mkataba mwingine wa Hague, ule wa tarehe 19 Oktoba 1996 kuhusu ulinzi wa watoto, amri ya nchi moja hutambuliwa nchi ya pili kwa nguvu ya mkataba, na unaweza kuomba uthibitisho huo mapema. Nchi ikiwa haipo kwenye mkataba wowote, amri pacha ina thamani zaidi, ingawa si mahakama zote zinazoweza kutoa amri juu ya mtoto ambaye bado hajaingia nchini. Muulize wakili wa huko kabla ya kukubali safari. Akikwambia haiwezekani, hilo nalo ni jibu, na una haki ya kukataa.

Mtoto. Anawapata wote wawili, na ndugu wa pande zote. Mtoto mwenye asili mbili anastahili kuzijua zote mbili.

Inamfaa nani. Mzazi anayetaka kuondoka kwa uwazi; mzazi anayebaki asiye na dalili za hatari ila anataka uhakika. Haimfai mwenye ushahidi wa mipango ya siri upande wa pili, kwa kuwa aliyeamua kupotea hupotea na dhamana yake.

## Kwa hali yako

Kama mnakosana juu ya ratiba na hakuna tendo lolote la kutia shaka, anzeni na usuluhishi, muweke kifungu cha idhini ya safari, na mkasajili mahakamani. Msiruke hatua ya kusajili hata kama mnaelewana leo.

Kama una matendo matatu au zaidi ya orodha ya mwanzo, nenda kwa zuio wiki hii, na wakati huohuo mpe mwenzako ratiba nzuri ya kumwona mtoto. Viwili hivi havipingani. Zuio lisilo na ratiba huzalisha kukata tamaa kulekule kunakofanya watu wakimbie.

Kama nchi inayohofiwa haiko kwenye Mkataba wa Hague, panda ngazi moja juu ya ulivyokuwa umekusudia. Aliyekuwa anafikiria makubaliano aongeze zuio, na aliyekuwa anafikiria ruhusa adai amri pacha au dhamana kubwa.

Kama mtoto aliwahi kufichwa, ziara za uangalizi pamoja na zuio, zikiwa na tarehe ya kupitiwa.

Kama wewe ndiye unayetaka kuhama, omba ruhusa hata kama mwenzako hajaonekana kwa miezi. Mzazi asiyeonekana anaweza kuwa bado na haki ya malezi kisheria. Na kama unakimbia ukatili, tafuta kwanza amri ya ulinzi na ushauri wa wakili au wa shirika la kuhudumia waathirika. Mahakama nyingi zinaweza kuficha anuani yako kwenye nyaraka.

Kama tishio ni la leo, mtoto yuko njiani kwenda uwanja wa ndege, usichague chochote kati ya hivi vinne. Piga simu polisi, uwe na picha ya karibuni ya mtoto, namba ya pasipoti yake, namba ya ndege kama unaijua, na nakala ya amri kama unayo.

Na kama tarehe ya kurudi imeshapita, iandike tarehe hiyo. Chini ya Mkataba wa Hague, shauri likifunguliwa kabla mwaka mmoja haujatimia, mahakama inatakiwa kumrudisha mtoto isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mwaka ukipita, mwenzako anaweza kujitetea kwamba mtoto ameshazoea mazingira mapya. Wasiliana na Mamlaka Kuu ya nchi yako, ofisi ambayo kila nchi mwanachama huiteua kupokea maombi haya. Kabla ya kufungua kesi ya jinai muulize wakili, maana mzazi anayeogopa kukamatwa akishuka kwenye ndege hukataa kumrudisha mtoto kwa hiari. Chunga pia unachoandika kwenye simu. Ujumbe wa uchovu kama "sawa, kaeni tu huko kwa sasa" unaweza kusomwa mahakamani kuwa umeridhia, na kuridhia ni mojawapo ya sababu zinazoiruhusu mahakama kukataa kumrudisha. Andika badala yake, kila unapoandika: "Sijakubali mtoto abaki. Namtaka arudi," na utaje tarehe aliyotakiwa awe amerudi.